Alivyokuwa Akiondoka Magige

Mguu wa kushoto kwenye breki, wa kulia kwenye mafuta. Hivyo ndivyo tulivyomwacha Felix Jumamosi iliyopita, na nasikitika kuwaarifu kwamba wiki nzima hakuna aliyempelekea hata maji ya kunywa.

Injini inanguruma. Gari linatetemeka kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Na mbele yake, kiganja kikiwa juu ya boneti jekundu, amesimama Wegesa.

"Zima," alisema.

Kwa wale waliofungia samaki gazeti la wiki iliyopita, nitakumbusha kwa kifupi, kisha turudi kwenye msiba.

Gari hili si la Felix. Ni la Magige, mchimbaji wa Nyakunguru, aliyepata dhahabu na, badala ya kujenga vyumba vya kupangisha kama watu wenye akili zao, akanunua gari la spoti la milango miwili. Lililetwa Kerende juu ya lori, maana tumbo lake lisingevuka tuta la kwanza. Magige hakwenda nalo mbali. Hakutaka kwenda mbali. Alilipenda kwa jambo moja tu: kuondoka. Kutoka kusimama kabisa hadi kupotea machoni, kabla mtu hajamaliza kupiga chafya.

Aliyemfundisha ni rafiki yake Felix, mwalimu wa udereva Tarime mjini, ambaye kazini analipwa kuwaambia watu waende polepole.

Kisha zikaja mvua za mwezi wa nne, na duara, yaani shimo la dhahabu alilokuwa anachimba Magige, likabomoka. Mtu aliyeondoka kwa haraka kuliko wote katika mkoa huu alikutwa humo ameketi, hapumui.

Hakuwa na ndugu. Mama yake, ambaye kijiji kizima bado kinamwita Mama Magige kwa kuwa hakuna mwenye roho ya kumbadilishia jina, akaamua kufanya kile ambacho mama wa Kikurya aliyebaki bila mwana anaruhusiwa kufanya. Akaamua kuoa. Atatoa ng'ombe, ataletewa binti, binti ataitwa mke wa nyumba ya Magige, na watoto watakaozaliwa, baba yao awe yeyote, wataitwa watoto wa Magige. Wenyewe wanaiita nyumba ntobhu. Na binti mwenyewe ni Wegesa, fundi cherehani hapo hapo Kerende, mtoto wa Mzee Nashoni wa Machochwe.

Felix anampenda Wegesa. Ndiyo maana alikwenda kumpigia Mama Magige magoti, na ndiyo maana akapewa sharti ambalo halijawahi kutolewa na mama yeyote wa Mara.

"Nimeanza kusahau jinsi mwanangu alivyokuwa akiondoka," mama yule alimwambia. "Chukua gari lake. Ondoka kama yeye. Mimi nitafumba macho. Nikisikia ni yeye, nitakuachia Wegesa na ng'ombe wangu hawatatoka zizini. Nikisikia ni mtu mwingine, usirudi kwangu tena kwa jambo hili."

Mmekumbuka? Tuendelee.

"Zima gari, Felix."

Felix aliteremsha kioo. "Toka mbele. Hii si baiskeli."

"Usifanye."

"Kwa nini?"

"Sitaki kuisikia."

"Nafanya kwa ajili yako, Wegesa."

"Najua ndivyo unavyofikiri."

Mzee Nashoni alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na zizi, fimbo ya kuswagia ng'ombe ikiwa magotini. Alikuwa amekuja tangu asubuhi kwa kazi moja, kuwapeleka ng'ombe Machochwe, na mpaka sasa alikuwa amepewa chai na maelezo.

"Binti yangu, toka hapo," alisema. "Ukigongwa, hawa ng'ombe nitawachukua kwa sababu gani?"

Mama Magige alikuwa ameegemea ukuta wa jiko, khanga imefunika magoti. Hakupandisha sauti. "Njoo ukae na mimi, mwanangu. Akiondoka vibaya, tutamcheka. Akiondoka vizuri, utanishika mkono."

Wegesa aliondoa kiganja. Alama ya vidole vyake ilibaki kwenye vumbi la boneti. Alipita pembeni mwa gari, na Felix aliona kwamba analia.

Ananihofia nisigonge, Felix alijiambia, na moyo wake ukajaa.

Wasomaji, ugonjwa huu unatupata sana vijana wa kiume na bado hauna chanjo. Msichana akilia popote nchini, kuna mvulana mahali anayedhani analiliwa yeye.

Sasa, ili mfahamu ugumu wa mtihani huu, lazima mjue jinsi Magige alivyokuwa akiondoka.

Njia inayotoka kwa Mama Magige ni ya changarawe, halafu inaingia moja kwa moja kwenye kipande cha lami. Magige alishika breki kwa mguu wa kushoto, akakanyaga mafuta kwa wa kulia mpaka mshale wa injini ukapanda, kisha akaachia breki kwa pupa. Matairi ya nyuma yalichimba. Changarawe ilirushwa kwenye bati la jiko kama mvua ya mawe, na Mama Magige alitoka na mwiko akilaani ulezi wake kuingia vumbi. Hapo hakuna ajabu, kila mwenye pupa anaweza.

Ajabu ilikuwa mbele. Pale changarawe inapokutana na lami, mahali ambapo matairi ndiyo kwanza yanashika na mtu mwenye akili anakanyaga mpaka mwisho, Magige alinyanyua mguu. Injini ilishuka sauti, kama mtu aliyekatisha sentensi. Kisha akakanyaga tena, akapotea.

Felix aliiita kwikwi. Ilimuudhi kama chaki inavyokwaruza ubao.

"Unaiogopa lami?" alikuwa akimuuliza.

"Nasalimia," Magige alikuwa akijibu, na kucheka.

"Unamsalimia nani? Lami?"

"Wewe ni mwalimu. Fundisha mengine, hilo niachie."

Hiyo ndiyo kwikwi ambayo leo Felix alipaswa kuifanya. Yeye ambaye hajawahi kunyanyua mguu mahali pale hata mara moja, yeye aliyewafokea wanafunzi kwa makosa madogo kuliko hilo, alikuwa ameketi ndani ya gari la marehemu akijiandaa kukosea kwa makusudi.

Kwenye ukuta wa jiko, Mama Magige alifumba macho. Wegesa aliketi chini kando yake.

Felix alibonyeza kitufe kinachozuia matairi yasiteleze, akakizima, kama Magige. Aliunyoosha usukani. Akakanyaga mafuta. Mshale ulipanda, gari likachuchumaa kwa nyuma, kuku wakakumbuka mambo yaliyowahi kuwapata na kukimbilia mgombani.

Akaachia breki.

Changarawe ikalipiga bati la jiko. Pua ya gari ikapanda juu hata Felix akawa anaona mbingu na ncha ya barabara tu. Mkia ukatikisika kushoto, akauacha utikisike, maana Magige hakuwahi kuurekebisha. Lami ikaja.

Akanyanyua mguu.

Na hapa naomba wenye moyo mdogo wakae.

Mguu uliponyanyuka, pua ya gari iliinama. Mbingu ikaondoka kwenye kioo. Na upande wa kulia, usawa wa dirisha la dereva, ikatokea baraza ya duka. Barazani kulikuwa na cherehani. Nyuma ya cherehani kulikuwa na kiti. Kiti hakikuelekea cherehani. Kilielekea barabara.

Felix alikuwa ameendesha gari hili hapa mara nyingi, lakini pua ikiwa juu, akiitazama mbingu. Alikuwa ameketi kushoto mwa Magige mara nyingi zaidi, akiutazama mshale na kunung'unika. Hakuwahi kuiona baraza ile kutoka mahali hapa, kwa mwendo huu, na mguu ukiwa hewani.

Kilikuwa kiti kitupu. Lakini Felix aliona yote.

Nasalimia.

Mguu wake ulishuka wenyewe kwenye mafuta, ukiwa umechelewa kidogo, sawasawa kabisa na ulivyochelewa mguu wa Magige siku zote.

Aliendesha mpaka kwenye kona. Aligeuza. Alirudi polepole, kama anavyofundisha, akionyesha taa ya kushoto ingawa barabarani hapakuwa na mtu wa kuonyeshwa.

Na alipokaribia boma aliona jambo la pili, na hilo nadhani lilimuumiza kuliko la kwanza.

Wegesa alikuwa amesimama katikati ya njia, anatazama gari linavyorudi. Uso wake ulikuwa umefunguka. Sijui niseme vipi. Nyie mnaosoma bweni mnajua uso wa mtoto wa kidato cha kwanza siku ya kutembelewa, anapolitambua gauni la mama yake getini. Ndiyo huo. Felix alikuwa amemchekesha Wegesa, amemletea vitambaa kutoka Sirari, amemshikia mwavuli kwenye mazishi ya Magige, na hakuwahi kuuona uso huo.

Mlango wa gari ulifunguka. Felix akashuka.

Uso ule ukazimika.

Hakufanya makusudi, Wegesa. Alijaribu hata kutabasamu. Lakini mtu hawezi kuzuia uso wake usione aliyeshuka ni nani.

Zizini, ng'ombe mweusi aliyekuwa akiinua kichwa kila Magige akiondoka alikuwa bado ameinua kichwa. Boma lote lilikuwa kimya kama bwalo mkuu wa shule anapotokea mlangoni.

"Ni yeye," Mama Magige alisema.

Machozi yalikuwa yanamtoka chini ya kope zilizofumbwa, na hakuyafuta. "Ni yeye. Nilitaka kusimama nichukue mwiko." Ndipo akafumbua macho, akamwona Felix, akageukia zizini. "Mzee Nashoni, ng'ombe hawatoki. Nimeshatoa neno mbele yako. Binti ni wa kijana huyu."

"Nimetoka Machochwe na fimbo," Mzee Nashoni alisema, "nirudi Machochwe na fimbo?"



Basi Felix ameshinda. Mngetegemea ngoma. Yeye alimfuata Wegesa, aliyekuwa ameegemea gari, na akasimama mbali naye kidogo.

"Alikuwa anakusalimia wewe," alisema.

"Ndiyo."

"Kila siku?"

"Nikisikia mawe kwenye bati, nanyanyua mguu kwenye cherehani. Sindano inasimama. Anapita, na yeye kanyanyua mguu. Basi. Halafu kila mtu anaendelea na kazi yake."

"Nilikuwa namcheka."

"Aliniambia. Alisema, 'Felix ataniua kwa ajili ya sekunde yako.'"

Felix alitazama viatu vyake. "Hukuniambia, Wegesa."

"Hukuniuliza. Uliniuliza kama baba ananilazimisha, nikakwambia hapana. Ukasema naogopa kusema. Ukaondoka ukaja huku kunikomboa."

"Kwa hiyo Mama Magige ndiye aliyekubembeleza?"

"Felix. Mimi ndiye niliyekuja kumwomba anioe."

Msomaji, rudi mstari uliopita ukitaka. Felix naye aliurudia kichwani, midomo ikicheza.

"Umwombe akuoe kwa niaba ya mtu ambaye hayupo?"

"Hakuwahi kuja nyumbani. Alisema baada ya masika atakuja Machochwe na wazee, aseme mambo mbele ya baba. Masika haikuisha naye." Wegesa alikuwa anafuta vumbi la boneti kwa ukingo wa khanga, mahali pale pale alipoacha alama ya vidole. "Hakuna anayejua nimefiwa. Dukani wananiambia pole ya jirani. Nataka niitwe mke wake. Imebaki njia hii moja tu ya kuitwa hivyo, na wewe umeishinda."

"Na watoto? Watazaliwa na nani?"

"Sijafika huko. Usinipeleke."

"Ningeweza kuwa..." Felix hakumaliza. Naye ilimpata kwikwi.

"Wewe ni rafiki yake," Wegesa alisema taratibu. "Leo umenirudishia, Felix. Nilijua ni wewe uko ndani, nilikuona ukifunga mkanda, na bado nikasimama. Sitasahau. Lakini usiniombe nikutazame wewe nikimngoja yeye ashuke."

Mama Magige alikuwa amewasikia. Masikio yake, kama tulivyoona, hayana mzaha.

"Nilijua utashindwa, mura, kijana wangu," alimwambia Felix, na sauti ilikuwa ya mtu anayeomba radhi. "Ndiyo maana nikaweka sharti lile. Nilitaka tu mtu ajaribu, nikae nisikie anavyokosea, nimkumbuke mwanangu kwa makosa ya wengine. Sikujua kama kuna mtu anamjua hivyo. Sasa neno limetoka, mzee amesikia, ng'ombe wamesikia. Siwezi kusema sikusikia nilichosikia."

Wote watatu wakatazamana. Nashoni alikuwa anahesabiwa wa nne, lakini alikuwa anawatazama ng'ombe.

Felix alimtazama Wegesa. Kisha akafungua mlango wa gari.

"Mama," alisema, "hiyo haikuwa yenyewe."

"Nini?"

"Nilikuwa napasha injini moto. Sikuwa nimeanza."

"Mura, mimi ni mama yake."

"Ndiyo, mama. Lakini injini ilikuwa ya baridi. Ya kweli naifanya sasa. Uamue kwa hii."

Mama Magige aliivuta khanga magotini. Alimwelewa. Kila mtu pale alimwelewa, isipokuwa kuku.

"Injini ya baridi hudanganya sana," Mzee Nashoni alisema kwa uzito mkubwa. Mzee huyu maisha yake yote hajawahi kukaa mbele ya chombo chochote isipokuwa trekta la ushirika, lakini leo alikuwa shahidi mtaalamu. "Hata mimi nilishangaa."

"Felix," Wegesa alisema.

"Kaa na mama. Mshike mkono."

Alifunga mkanda. Alibonyeza kitufe, lakini safari hii alikiacha kikiwaka, kama kitabu kinavyosema. Mguu wa kushoto kwenye breki. Wa kulia kwenye mafuta, kwa kipimo, si kwa pupa. Kwenye ukuta wa jiko mama yule akafumba macho kwa mara ya mwisho kwa ajili ya gari lile.

Breki ikaachiwa kama mtu anavyoweka kikombe mezani.

Changarawe haikuruka. Bati la jiko halikupigwa na jiwe hata moja. Gari lilikwenda limenyooka, mkia haukutikisika, pua ikapanda kiasi, na lami ilipokuja matairi yaliishika kama mkono unavyoshika kitasa. Felix akapita baraza ya duka. Akapita cherehani. Akapita kiti.

Hakunyanyua mguu.

Ilikuwa kuondoka bora kuliko zote ambazo Kerende imewahi kuona, na hakuna aliyepiga makofi.

"Huyo si mwanangu," Mama Magige alisema, na sasa ndipo alipolia kwa sauti. "Huyo si yeye. Huyo simjui."

Wegesa alimshika kwa mikono yote miwili. Mzee Nashoni alisimama, akaivuta fito ya kwanza ya zizi, akaona hali ilivyo, akairudisha kwa muda. Ni mtu wa haraka, si mtu mbaya.

Mlio wa gari uliendelea kupanda, safi, bila kukatika, ukaingia kwenye kona.

Halafu ukashuka.

Ulishuka ghafla, kama mtu aliyekatisha sentensi. Zizini, ng'ombe mweusi akainua kichwa. Mama Magige akanyamaza kulia, akafumbua macho. Wote wakasubiri mguu ushuke, injini iendelee.

Haikuendelea.

"Kanyanyua," Mama Magige alinong'ona. "Mbona kanyanyua?"

Wegesa alikuwa ameshasimama, anatazama kule barabara inakopotelea.

"Huko hakuna cherehani," alisema, akaanza kukimbia.